Nyumba ya Mwislamu: Mchwa na Chungu Wenye Mabawa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mwezi huu tumepokea barua kutoka Kiriba, katika nchi ya Majita, mkoani Mara. Aliyetuandikia ni mama wa nyumba, na jina lake tumelihifadhi kama ilivyo desturi yetu. Barua hiyo ilifuatana na kitu ambacho si kawaida kuletewa sisi: vikaratasi viwili vilivyokunjwa vizuri, kimoja kimeandikwa juu yake "chini ya rafu", na cha pili "barazani kwenye taa". Ndani yake mlikuwa na wadudu waliokufa na mabawa mengi yaliyokatika.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha mchana. Jioni, baada ya sala ya Magharibi, wadudu wenye mabawa wakaanza kutoka katika ufa ulio baina ya sakafu na ukuta wa chumba, chini ya rafu ambayo juu yake imewekwa Misahafu na vitabu vya marehemu mkwewe. Wakati huo huo wadudu wengine walijaa barazani kwenye taa ya sola. Mumewe alikuwa ziwani katika uvuvi wa dagaa. Jirani mmoja, aliyesimama barazani, akasema: "Hawa ni sisimizi tu, waache waende zao." Jirani wa pili, aliyeingia chumbani, akasema: "Hawa ni mchwa," akaleta dumu la mafuta ya taa, akataka kuyamwaga ufani na kuwasha kiberiti. Mama huyu akamzuia kwa adabu, akasema angojee mpaka mwenye nyumba arudi.

Anatuuliza mambo matatu. Wadudu hawa ni nani? Je, nyumba yake imo hatarini? Na je, yaruhusiwa katika dini yetu kuwachoma kwa moto?

Twaanza kwa kumpongeza kwa kukizuia kile kiberiti. Lau angekubali, huenda mwezi huu tungekuwa twaandika tanzia wala si majibu. Sasa tuyatazame maswali yake moja moja, kwani twaamini kuwa nyumba nyingi, za Mara na za kwingineko, hujiuliza hayo hayo kila mvua zinapoanza.

VIUMBE WAWILI, MATAIFA MAWILI

Watu wengi hudhani kwamba mchwa ni namna ya chungu aliye mweupe. Waingereza nao zamani walimwita kwa jina la namna hiyo, na kosa hilo likaenea katika vitabu vingi. Lakini Kitabu chetu kitukufu kimewataja kila mmoja mahali pake. Chungu, ambaye huku bara huitwa zaidi sisimizi, ametajwa katika Sura ya 27, aya ya 18, na sura hiyo ikapewa jina lake, Annaml. Na yule mdudu wa ardhi alaye mti, ambaye wafasiri wamemweleza kuwa ni mchwa, ametajwa katika Sura ya 34, Saba, aya ya 14. Wote wawili wamo katika kisa cha Nabii mmoja, Suleiman (A.S.). Chungu aliwaonya wenzake waingie makaoni mwao wasije wakapondwa na jeshi lisilowaona. Mchwa naye aliitafuna fimbo ambayo Nabii Suleiman alikuwa ameiegemea hali amekwisha kufa.

Wanavyuoni wetu wa kale waliifuata njia hiyo. Imamu Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, alipotunga kitabu chake mashuhuri juu ya maisha ya wanyama aliweka mlango wa mchwa na mlango wa chungu mbali mbali.

Elimu ya leo nayo yathibitisha tofauti hiyo. Chungu ni jamaa ya nyuki na nyigu. Mchwa ni jamaa ya mende. Wanafanana kwa sababu wote wawili huishi kwa mataifa makubwa chini ya malkia, na kwa sababu wote wawili, msimu ukifika, hutoa wana wenye mabawa ili waende kuanzisha makao mapya. Ni wakati huo wa kuruka tu ndipo macho yetu yanapodanganyika. Wale mchwa wenye mabawa ndio tuwaitao kumbikumbi.

ALAMA ZA KUWATAMBUA

Msomaji mpenzi, mkamate mdudu mmoja, umweke juu ya karatasi nyeupe karibu na taa, umtazame kwa utulivu. Usiitegemee rangi. Mchwa afanyaye kazi ardhini ni mweupe au wa rangi ya maziwa, lakini kumbikumbi huwa wa rangi ya kahawia, na mara nyingine karibu na weusi. Chungu nao wana rangi nyingi. Usiitegemee saa pia, kwa sababu wako kumbikumbi warukao usiku na wako warukao mchana. Tegemea alama tatu zifuatazo.

Ya kwanza ni mabawa. Wote wawili wana mabawa manne. Mabawa ya kumbikumbi yote manne ni sawa kwa urefu na kwa umbo, nayo ni marefu mno, yanaupita mwili wake kwa mbali. Mabawa ya chungu hayalingani: mawili ya mbele ni makubwa, na mawili ya nyuma ni madogo. Tofauti hii huonekana hata mdudu mwenyewe akiwa amekwisha kwenda zake akaacha mabawa tu.

Ya pili ni kiuno. Chungu ana kiuno chembamba kama uzi, kinachotenga kifua na tumbo, mfano wa nyigu. Kumbikumbi hana kiuno. Mwili wake umeshikana tangu kifuani hata mwisho, mpana namna moja.

Ya tatu ni papasi, yaani zile nyuzi mbili za kichwani anazopapasia njia. Papasi za kumbikumbi zimenyooka, au zimepinda kidogo tu, nazo zimeundwa kwa vipande vidogo vya mviringo vilivyofuatana kama punje za tasbihi. Papasi za chungu zimekunjika katikati, mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko.

Kumbikumbi, baada ya kutua, huyakata mabawa yake mwenyewe. Yana mshono karibu na shina, nayo huvunjika hapo kwa wepesi, kikabaki kigutu kidogo mwilini. Kisha dume humfuata jike kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, wakitafuta mahali pa kuchimba. Ndiyo maana asubuhi sakafu hujaa mabawa. Lakini tahadhari: malkia wa chungu naye huyaacha mabawa yake baada ya kuruka. Basi kuona mabawa chini si dalili ya kutosha, yakusanye, uyalinganishe. Yakiwa yote yalingana, hao walikuwa mchwa.

WAGENI WENGINE WA TAA

Wakaao karibu na Ziwa Viktoria wana mtihani zaidi. Wako wadudu wadogo wa ziwani ambao watoto wao hulelewa majini, kisha hutoka kwa wingi usiohesabika, hata mtu akitazama mbali huona kama moshi umesimama juu ya ziwa. Wataalamu wameona kwamba kutoka kwao hufuatana na mwezi, na hasa wakati wa mwezi kuandama, zile siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa huzipenda. Hawa hawali mbao. Kuwatambua ni rahisi: wana mabawa mawili tu, kama mbu na nzi.

Kadhalika hufika kwenye taa mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye tumbo nene refu na manyoya mafupi, anayejigonga-gonga ukutani kama mlevi. Wengi humwogopa wakimdhani nyigu. Huyo ni dume la siafu. Kwa hiyo ni katika jamaa ya chungu, ingawa kwa ukubwa wake hakuna amdhaniaye hivyo. Hana sumu ya kuuma kama nyigu, wala hali mbao.

WASIO NA MABAWA

Msimu wa kuruka ni mfupi, na mchwa huharibu mwaka mzima. Yafaa basi tuwajue pia wasio na mabawa. Mchwa mfanya kazi ana mwili laini na mweupe. Jua na upepo humkausha, kwa hiyo huukimbia mwanga. Atakapo kupanda ukuta hujijengea kwanza njia ya udongo iliyofunikwa, kama mshipa juu ya ngozi, apite ndani yake. Chungu ana mwili mgumu, hutembea wazi mchana mbele ya macho ya watu, akiwa amebeba chembe ya sukari au mguu wa panzi.

Ukivunja makao ya chungu utawaona wakikimbia huku wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele. Wengi hudhani ni mayai tu, au hudhani ni mchwa. Hao ni watoto wao, kwani chungu, kama kipepeo, hupita hali ya funza na hali ya kulala kabla ya kuwa mdudu kamili. Mchwa si hivyo. Mtoto wake hutoka yaini akiwa na umbo la mchwa, ila ni mdogo. Na katika mchwa, mfalme huishi pamoja na malkia ndani ya chumba chao cha udongo mgumu, na malkia wa wale wajengao vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kila siku. Katika chungu, dume hufa mara baada ya kuruka na malkia hubaki mjane.

Dalili nyingine ni vumbi. Mchwa wa ardhini akila mti huacha udongo ndani yake. Ukiona unga mkavu wa mbao ukidondoka chini ya tundu ndogo la mviringo, mti huo umebunguliwa na mdudu mwingine. Na wasomaji wetu wa pwani na visiwani wajue kuwa kwao wako pia mchwa wakaao ndani ya mbao kavu bila kugusa ardhi. Hao huacha punje ndogo ndogo ngumu mfano wa mbegu, wala hawajengi njia za udongo.

TULIYOYAONA KATIKA VIKARATASI

Sasa turudi Kiriba. Katika kikaratasi cha "chini ya rafu" tulikuta mabawa zaidi ya thelathini na miili miwili. Mabawa tuliyapanga mstari mmoja juu ya meza, yote yalilingana. Miili ile haikuwa na viuno, na papasi zake zilikuwa kama tasbihi. Hao ni mchwa, bila shaka yoyote.

Katika kikaratasi cha "barazani kwenye taa" tulikuta wadudu watano. Wanne walikuwa na viuno vyembamba na mabawa yasiyolingana. Hao ni chungu. Wa tano alikuwa kumbikumbi.

Basi majirani wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa mahali aliposimama. Kosa lao lilikuwa kwamba kila mmoja aliona sehemu moja akahukumu nyumba nzima. Ni mangapi katika maisha yetu tunayogombania namna hiyo, ilhali mmoja yuko barazani na mwenziwe yuko chumbani!

JE, NYUMBA IMO HATARINI?

Wadudu wa barazani wasimtie hofu. Taa huwaita wadudu kutoka mbali, na kumbikumbi aliyekuja na mwanga wa taa si dalili kwamba ametoka ndani ya nyumba. Wengi wao huliwa na kuku, ndege, vyura na mijusi usiku ule ule.

Lakini wale waliotoka ufani ni jambo jingine. Taifa la mchwa halitoi kumbikumbi katika udogo wake. Huchukua miaka kadhaa kukua hata likaweza kutoa wenye mabawa. Kwa hiyo wakitoka ndani ya chumba, maana yake ni kwamba chini ya sakafu ile au karibu na msingi ule wako mchwa wa miaka mingi. Na mti waliokwisha kuula hautajulikana kwa kuutazama kwa nje. Mchwa huacha gamba la juu likiwa zima, akala moyo.

Twamwomba mama huyu na mumewe wafanye uchunguzi ufuatao. Kwanza, wavihamishe Misahafu na vitabu leo hii, wasingojee kesho, wavifungue kimoja kimoja na kutazama migongo na majalada yake. Pili, waisogeze rafu mbali na ukuta, watazame nyuma yake kama iko njia ya udongo. Tatu, wagonge miimo ya milango, nguzo, na mbao za paa kwa mpini wa kisu, tangu chini hata juu. Penye sauti ya debe tupu, wadunge kwa ncha. Nne, kila njia ya udongo watakayoiona waivunje kidogo, kisha wairudie baada ya siku chache. Ikiwa imejengwa upya, mchwa wangali wanapita hapo.

HUKUMU YA MOTO

Swali la tatu ndilo lililotupendeza zaidi, kwani ni wachache waulizao juu ya haki ya mdudu.

Imepokewa katika Abu Daud kwa Ibn Masud kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliona kijiji cha chungu kilichochomwa na baadhi ya sahaba zake, akakataza, na akabainisha kuwa adhabu ya moto haimfalii yeyote ila Mola wa huo moto. Na katika Bukhari na Muslim kimepokewa kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma mzima uliokuwa ukimsabihi, kwa kosa la mmoja. Tena iko Hadithi ya Ibn Abbas, katika Abu Daud, ya kukatazwa kuuawa wanyama wanne, na chungu ni mmoja wao pamoja na nyuki.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini yatupasa kuwatambua wadudu hawa. Mtu asiyemjua chungu wala mchwa huweza kumwua asiye na hatia na kumwacha mharibifu. Chungu asiyemdhuru mtu aachwe. Akiingia jikoni, afunikiwe chakula, afutiwe njia, azibiwe tundu. Akizidi kudhuru, wanavyuoni wameruhusu kumwondoa kwa kadiri ya haja. Mchwa naye si katika wale wanne, na alaye nguzo za nyumba ya watu ni mwenye kudhuru. Kumzuia, hata kwa kumwua, hakuna ubaya, na kuacha mali ipotee bure ni jambo ambalo Mtume alilikataza. Lakini moto haufai kwa huyu wala kwa yule.

Na hata tukiiweka kando hukumu ya dini, akili yenyewe yaukataa moto huo. Mafuta yaliyomwagwa ufani hayamfikii malkia aliye chini ardhini. Huua wachache walio juu. Nguzo iliyoliwa ndani ni kavu na ina uwazi kama bomba. Ikishika moto hushika kwa ndani, nao watu wamelala. Kuwaua kumbikumbi wenyewe hakupunguzi taifa, kwani hao walikuwa wasafiri wanaoondoka.

Msomaji mwingine atatuuliza: je, kuwala kumbikumbi? Twajua kuwa jirani zetu wengi wa pande za ziwa huwakaanga na kuwapenda. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wadudu hawaliwi isipokuwa nzige. Katika madhehebu ya Imamu Malik mna ruhusa kwa masharti yake. Mwenye shaka amwulize shekhe wake, na asimcheke jirani kwa chakula chake.

LA KUFANYA

Dawa ya kwanza ya mchwa ni ujenzi. Mti usigusane na ardhi. Nchi ya Musoma Mungu ameijalia mawe. Nyumba ikisimamishwa juu ya msingi wa mawe uliozibwa vizuri kwa saruji, mchwa hulazimika kupita nje penye kuonekana. Nguzo ya baraza isichomekwe udongoni. Iwekwe juu ya kiti cha zege. Ufa wa sakafu uzibwe, lakini baada ya mchwa kuondolewa, si kabla, la sivyo utakuwa umewafungia ndani. Kuni, maboksi, mabua na mabaki ya mbao yasirundikwe ukutani, kwani hiyo ni kama kuwaandalia karamu mlangoni.

Dawa ya pili ni kuchagua mti. Moyo wa mvule na wa mninga humshinda mchwa kwa muda mrefu. Ule weupe wa nje wa mti, hata wa mvule, huliwa. Msonobari usiotiwa dawa na mirunda michanga ya mkaratusi huliwa upesi. Basi ununuapo mbao usiulize jina la mti tu, tazama pia ni sehemu gani ya mti.

Dawa ya tatu ni sumu, nayo itumiwe kwa hadhari. Zamani watu walisifu sana dawa za aldrini na dieldrini kwa sababu zilidumu ardhini miaka mingi. Kudumu huko ndiko kulikokuja kuwa balaa: huingia katika maji, samaki, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya mama. Zimo katika orodha ya dawa zilizokusudiwa kukomeshwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mtu akikuletea chupa ya zamani isiyo na karatasi ya maelezo, usiipokee, hata akikupa bure. Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na bora itiwe na fundi ajuaye. Isitiwe karibu na kisima, wala katika chumba wanacholala watoto kabla ya kupita muda uliotajwa katika maelezo yake. Oili chafu ya magari nayo isimwagwe ardhini, maana mvua huichukua hata ziwani, na ziwa hilo ndilo jungu la watu wa Kiriba.

Na ikiwa kichuguu kiko uani karibu na nyumba, kichimbwe mpaka chumba cha malkia, kisha pafukiwe na kushindiliwa. Mahali hapo paangaliwe kwa miezi kadhaa baadaye, kwani mara nyingine taifa hupata malkia mwingine. Lakini kile kilicho mbali porini kiachwe. Mchwa wa porini hula miti mikavu na majani yaliyokufa, huigeuza ardhi ikapata rutuba, na juu ya vichuguu vyao huota uyoga watu wakala. Udongo wake huwafaa wafyatua matofali. Mwenyezi Mungu hakumwumba bure. Ubaya ni sisi kumjengea nyumba ya mti juu ya meza yake.

NENO LA MWISHO

Waandishi wa Sira wanasimulia kwamba Makureshi walipoandika mkataba wa kuwatenga Bani Hashim, wakautundika ndani ya Kaaba, ulikaa karibu miaka 3. Kisha mchwa akautafuna, dhuluma iliyoandikwa ikaliwa. Hapo mchwa alikuwa mtumishi wa haki. Na katika fimbo ya Nabii Suleiman alikuwa mwalimu: majini waliendelea na kazi ngumu wakimdhani yu hai, mpaka fimbo ilipovunjika akaanguka, ikadhihirika kwamba hawakujua mambo ya ghaibu.

Fimbo ile kwa nje ilionekana nzima. Nguzo ya nyumba ya dada yetu nayo huenda kwa nje yaonekana nzima. Twamwomba asiridhike na sura ya nje, agonge. Na sisi sote wenye nyumba, tugonge pia zile nguzo ambazo si za mti: sala zetu, uaminifu baina ya mume na mke, riziki tunayowalisha watoto, je, ni ya halali? Kuna viliwavyo taratibu kwa ndani, na rangi ya nje isibadilike hata siku ya kuanguka.

Ilipokuwa gazeti hili laandaliwa, ilitufikia barua ya pili kutoka Kiriba, fupi. Mume amerudi kutoka ziwani. Mwimo wa mlango wa chumba ulikuwa mtupu tangu chini hata kimo cha mtoto, nao wamekwisha kuutoa. Majalada mawili ya vitabu vya fikihi yalikuwa yameanza kuliwa pembeni. Misahafu yote ilikuwa salama. Na yule jirani wa dumu la mafuta ndiye aliyekuja na nyundo kusaidia kuweka mwimo mpya.

Alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, nje na ndani. Amin.